Salamu Iliyofungwa na Roboti

Mosoti aliacha kusoma Neno kanisani Sabato ya pili ya mwezi wa Mei, na aliyemwachisha ni simu.

Kabla ya hapo alikuwa amesoma miaka kumi na tisa. Hata presha ya macho ilipomchukulia nuru yote hakukoma. Mkewe, Bathsheba Bochaberi, alimwekea kwenye simu programu ya bure iitwayo Kinywa, inayosoma maandishi kwa sauti. Mosoti akawa anaitia simu kwenye mfuko wa shati, anachomeka waya sikio moja, na kila neno Kinywa ilimnong'oneza alilitangaza kwa sauti yake nzito, akiwa nyuma yake kwa pumzi moja tu. Wageni walikuwa wakiondoka bila kujua kwamba msomaji haoni.

Sabato hiyo akasimama, akashika mimbara, akasema, "Ndugu na dada, fungu letu la leo ni saa tisa na dakika kumi na sita."

Kanisa zima likageuka kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mzee Motari, ambaye huketi mbele kwa sababu ya masikio yake, akauliza kwa sauti, "Kwani tutakaa hapa mpaka saa tisa?"

Kicheko kilianza kwa vijana, kikapita kwa akina mama, kikamfikia hata Mchungaji Ratemo, ambaye aliinua kitabu cha nyimbo kuficha uso. Bathsheba naye alicheka, Mungu amsamehe, kabla hajauona mkono wa mumewe ukipapasa hewani kutafuta kiti.

Nyumbani Mosoti alikula vizuri, akaongea vizuri, kisha akaitoa simu mfukoni na kuiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

"Sitasoma tena, Mama Sheila."

"Watu walicheka saa, Baba Sheila. Hawakukucheka wewe."

"Na hiyo saa ilitoka kinywani mwa nani?"

Bathsheba akaanza kukusanya sahani. Lakini kulikuwa na jambo lililomuumiza zaidi. Mchungaji Ratemo alikuwa amempa Mosoti usomaji wa Sabato kuu ya makambi, mkutano wa kanisa wa hemani wa kila Agosti, kule Homa Bay, mbele ya watu kutoka Kendu Bay, Ndhiwa, visiwani na kwingineko. Sasa mchungaji alitaka kujua kama bado atasoma, na jibu alilihitaji kabla ya Julai kwisha, la sivyo atamtafuta mwingine. Na Mosoti bila kusoma hakuwa Mosoti. Macho yalipoondoka alilia siku moja. Usomaji ulipoondoka hakulia, alinyamaza tu, na kwa mkewe hilo lilikuwa baya zaidi.

Bathsheba aliuza ndizi soko la Migori. Shule aliiacha darasa la saba, lakini mwaka huu, binti yao Sheila alipoingia chuo cha uuguzi, alijiambia kwamba zamu yake nayo imefika. Akajiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, akiwa na miaka arobaini na sita na miwani ya kusomea aliyoifunga uzi shingoni. Kila jioni, kabla ya kuwasha mashine, aliweka viganja juu ya kibodi, akafumba macho na kuomba.

"Min Sheila," Javan aliyeketi pembeni yake alimwita Mama Sheila kwa Kijaluo, "unaombea kompyuta ama unaombea stima?"

"Vyote viwili, Javan. Na wewe nimekuweka hapo katikati."

Javan alikuwa fundi wa simu, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye maneno mengi kuliko wateja. Mwalimu wao, Awino, alikuwa msichana wa Rusinga ambaye Bathsheba angeweza kumzaa, lakini alimwita Mwalimu na kusimama kila alipoingia, hata Awino alipomwomba aache.

Awino ndiye aliyewafundisha juu ya programu huria. Alisema kuna programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, na anayeona kosa ana ruhusa ya kulirekebisha na kuomba rekebisho lake lipokelewe. Bathsheba akainua mkono.

"Mwalimu, hata mtu wa ndizi?"

"Hata mtu wa ndizi, Mama."

"Na ile Kinywa ya Baba Sheila, ni ya namna hiyo?"

Awino akatafuta. Ilikuwa ya namna hiyo.

Tangu siku hiyo Bathsheba alikuwa na kazi. Kwanza alilichunguza kosa kama anavyochunguza mkungu wa ndizi, upande kwa upande. Akaipa Kinywa mafungu mengi isome. Palipoandikwa 119:105 ilisoma vizuri bila taabu. Palipoandikwa 3:16 ikasema saa tisa. Akaelewa. Namba mbili zenye nukta mbili katikati, zikiweza kuwa saa, Kinywa ilizifanya saa. Mtu fulani aliifundisha kusoma saa kwa Kiswahili, na aliifundisha vizuri kupita kiasi.

Wiki mbili baadaye, Awino akimwelekeza, aliupata mstari wenyewe ndani ya maandishi ya programu. Ulikuwa mstari mmoja. Mstari mmoja tu ulikuwa umemnyamazisha mumewe.

"Sasa waandikie wenyewe," Awino alisema. "Ukurasa wao una mahali pa kuripoti kosa. Waambie umeona nini na unataka kurekebisha vipi."

Jioni hiyo Awino aliwahi basi la kwenda Homa Bay, kwa hiyo Bathsheba aliandika peke yake. Aliandika kwa Kiswahili, halafu chini yake kwa Kiingereza, akifungua kamusi kila neno la tatu:

"Hamjambo ndugu zetu wa Kinywa? Mimi ni Bathsheba Bochaberi wa Migori, Kenya. Natumaini mko wazima wa afya, ninyi na watu wa nyumbani mwenu. Sisi huku tuko salama kwa neema ya Mungu, mvua imenyesha. Naomba mnijibu nijue hali zenu."

Akatuma. Akasubiri.

Kwa nini hakutaja kosa? Kwa sababu hakulelewa hivyo. Kwao, mtu akifika mlangoni na kumwaga shida yake kabla salamu haijaitikiwa, wenye nyumba hushika kifua, maana anayefanya hivyo huwa amebeba habari za msiba. Unabisha, unasalimu, unaitikiwa, unakaribishwa kiti, mnauliza habari za watoto na za shamba, ndipo unasema kilichokuleta. Na hawa walikuwa watu wageni kabisa, tena walimpa mumewe programu ya bure. Angeanzaje kuwaambia wamekosea?

Kila asubuhi kabla ya kupanga ndizi aliangalia simu. Hakuna jibu. Alifikiri labda kwao ni wakati wa kulima. Wiki ikapita. Alifikiri labda kuna mgonjwa, akawaombea. Katika maombi ya jioni aliwataja kwa jina, "na watu wa Kinywa, Bwana, uwaguse walipo," na Mosoti akaitikia amina bila kujua kwa nini wanaombewa.

Siku ya kumi na nne jibu likaja. Lilikuwa fupi: ripoti hii haina maelezo ya tatizo. Imefungwa.

Bathsheba alilisoma mara tatu akiwa amesimama kando ya ndizi zake. Mteja akamwuliza za kupika ni zipi, akamwonyesha zilizoiva.

Alimweleza Mosoti kabla usiku haujaingia, walipokuwa wakichambua mboga nje. Mosoti alisikiliza hadi mwisho, vidole vikiendelea na majani.

"Ulifanya haya kwa ajili yangu?"

"Nilifanya kwa ajili yangu. Nyumba imekuwa kimya sana."

Mosoti akatabasamu kidogo. "Basi pengine Mungu anasema ninyamaze, Bochaberi. Kesho nitamwambia Ratemo atafute mtu."

"Umemsikia Mungu akisema hivyo?"

"Sijamsikia."

"Basi usimsingizie. Hata Julai haijafika."

Alisema kwa ukali, lakini aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda na kumwambia Mungu kwamba amechoka, kwamba hajui Kiingereza cha kutosha, na kwamba kama kuna mlango basi auonyeshwe, kwa maana yeye alibisha ule aliouona.

Darasani siku iliyofuata alimpa Awino simu. Awino akasoma salamu, akasoma jibu, akaziba mdomo kwa mkono. Javan akachungulia begani kwake.

"Nyasaye, Mungu wangu!" Javan akalia, akishika meza. "Min Sheila amesimama mlangoni wiki mbili, anangoja aletewe kiti!"

Darasa likapasuka. Bathsheba akatazama huku na huku. "Mnacheka nini? Kwani nilikosea wapi? Niliwasalimu vizuri!"

"Uliwasalimu vizuri mno, Mama," Awino alisema, akijifuta machozi. "Aliyekujibu si mtu. Ni roboti. Inaangalia kama fomu imejazwa, isipojazwa siku kumi na nne, inafunga. Kule hakuna anayesubiri salamu. Wanasubiri shida."

"Roboti?"

"Roboti."

Bathsheba akafikiri. "Kwa hiyo hakuna mtu aliyenikataa."

"Hakuna mtu hata aliyekuona."

Hapo ndipo Bathsheba alipocheka, akacheka hadi miwani ikaanguka na kuning'inia kwenye uzi. Siku kumi na nne alikuwa akimwombea roboti apone! Javan alimwuliza kama roboti amewahi kuokoka, naye akasema kwa maombi aliyoyapata lazima awe amekaribia.

Kisha wakaanza kazi. Mwongozo wa wachangiaji ulikuwa kurasa arobaini za Kiingereza, na ulionekana umeandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuujua. Bathsheba aliusoma wote, kurasa mbili kila jioni, kama anavyosoma masomo ya Sabato, akiandika maana kwa penseli pembeni. Alitengeneza orodha ya majina ya vitabu vyote sitini na sita vya Maandiko, ambayo hakuhitaji kuitafuta popote, alikuwa nayo kichwani tangu utoto. Akaifundisha Kinywa kwamba namba za namna hiyo zikitanguliwa na jina mojawapo, basi ni sura na mstari, si saa. Lilikuwa jambo dogo kulisema. Kuliandika kulimchukua siku tisa, na Awino hakumwandikia hata herufi moja, alimwuliza maswali tu mpaka alipopata mwenyewe.

Alipotuma, roboti ilimrudisha. Aliacha nafasi mahali pasipotakiwa. Akarekebisha. Roboti ikamrudisha tena, hakuambatanisha majaribio ya kuonyesha kwamba rekebisho linafanya kazi. Akayaandika majaribio. Ikamrudisha mara ya tatu, kwa sababu fomu ya makubaliano ilitaka namba ya nyumba na jina la mtaa anaoishi.

"Nyumba yangu haina namba," Bathsheba alisema. "Iko nyuma ya kinu cha unga, ukipita mkuyu. Kila mtu anaijua."

"Andika hivyo," Javan akasema. "Roboti aje na bodaboda."

Awino akamwambia aandike sanduku la posta la kanisa. Likapita. Na kule mwisho wa ombi lake, baada ya kujaza maswali yote matano kama walivyotaka, Bathsheba aliongeza salamu zake. Awino alimwambia si lazima.

"Mwalimu, shida nimeitanguliza kama mnavyotaka, na imenitoa jasho. Lakini kuondoka bila kusalimu siwezi."

Ilikuwa tarehe kumi na nane Julai. Siku nne zikapita kimya. Mchungaji Ratemo alipita sokoni, akanunua ndizi ambazo hakuzihitaji, akauliza habari za Mosoti mara mbili. Bathsheba akamwomba angoje mpaka siku ya mwisho ya mwezi. Mchungaji akasema atangoja, lakini uso wake ulionyesha kwamba mtu wa pili amekwisha kumpata.

Siku ya tano jibu likaja, na lilikuwa na jina la mtu. Aliitwa Maarja, wa nchi ya Estonia. Awino alilitafsiri kwa sauti, na darasa zima likaacha kuandika.

"Mpendwa Bathsheba," Maarja aliandika, "nimesoma ombi lako, halafu nikaona kwamba mwezi uliopita ulitusalimu na roboti yetu ikakufungia mlango. Naomba radhi. Niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa sababu niko peke yangu na kazi ni nyingi. Sasa naitikia. Mimi ni mzima. Mama yangu anasumbuliwa na goti. Hapa pia mvua imenyesha, nayo imetuharibia viazi. Je, ninyi bado mko salama? Tena nimeelewa kazi yako, ni nzuri. Nina swali moja. Huko kwenu watu hupewa majina ya vitabu hivi. Je, mtu akiandika kwamba atakutana na Danieli 7:30 asubuhi, Kinywa itasemaje?"

Darasa likamgeukia Bathsheba. Javan akapiga mluzi wa chini. "Hapo amekushika, Min Sheila."

Bathsheba akavaa miwani yake. Kijana anayembebea ndizi kutoka stendi aliitwa Danieli, na alifika kila siku saa moja na nusu, isipokuwa siku alizochelewa. Angekuwa mtu wa kwanza kugeuzwa sura na mstari.

"Mwambie," alisema polepole, "mtu akitaja saa hutaja na wakati wake. Asubuhi, mchana, jioni, usiku. Au hutanguliza neno saa. Maandiko hayafanyi hivyo. Nitaongeza. Nikiona asubuhi, namwachia Danieli saa yake." Kisha akasema, "Na mwambie goti la mama, akande kwa maji ya moto yenye chumvi. Tutamwombea."

Aliongeza mistari minne na majaribio mawili, moja lenye jina la Danieli. Roboti haikurudisha kitu. Tarehe ishirini na tisa, saa za mchana, akiwa anakata mkungu, simu ililia. Rekebisho limepokelewa. Litaingia kwenye simu zote zinazotumia Kinywa kwa Kiswahili, popote zilipo.

Bathsheba aliweka kisu chini. Akasema, "Asante, Bwana," kwanza kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti iliyomfanya mwenye nyanya wa pembeni kuuliza ameshinda nini. Akamwachia meza, akaenda nyumbani kwa miguu akikaribia kukimbia.

Mosoti alikuwa uani, ameegemea ukuta penye jua. Bathsheba hakumweleza. Alisubiri simu ikamilishe kujisasisha, akamchomekea waya sikioni na kumfungulia fungu lile lile la Mei.

Mosoti akasikiliza. Midomo yake ilianza kutembea yenyewe, pumzi moja nyuma, kama zamani. "Sura ya tatu," alisema kwa sauti nzito, "mstari wa kumi na sita." Akausukuma waya ndani zaidi ya sikio. "Rudia."

Bathsheba akamrudishia. Mosoti alisema hivyo mara tano, mara ya mwisho akiwa amesimama wima, mkono mmoja mbele kana kwamba mimbara iko pale.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi na dada mmoja wa huko Estonia."

"Wewe unanitania."

"Mpigie Ratemo," Bathsheba alisema, "kabla hajampa mimbara yule mtu mwingine."

Agosti, Homa Bay, hema lilijaa mpaka watu wakaketi kwenye nyasi nje, upepo wa ziwa ukivuta kamba. Awino alikuja kutoka Rusinga. Javan, ambaye si Msabato wala hakuwa amekanyaga kanisa lolote tangu harusi yake, alikaa mstari wa nyuma akisema amekuja kukagua mitambo. Mosoti aliongozwa hadi mbele, akashika mimbara. Bathsheba aliinamisha kichwa. Alijua rekebisho limefanyiwa majaribio ishirini na mawili, lakini aliomba hata hivyo.

"Ndugu na dada," Mosoti alisema, "kabla sijasoma nina salamu. Kuna dada anaitwa Maarja, nchi ya mbali. Yeye na mama yake wanawasalimu."

"Salamu zimefika!" hema likaitikia, watu elfu mbili kwa pamoja, na mwenye kinanda akapiga sauti moja nzito juu yake. Bathsheba alikuwa ameinua simu kurekodi. Jioni, Sabato ikiisha, angeituma rekodi hiyo. Ingekwenda kuwekwa chini ya ripoti ile yake ya kwanza, ambayo Maarja alikuwa ameifungua tena, akaiandikia roboti amri isiiguse kamwe. Watu wa nchi nyingine walikuwa wameanza kuandika hapo, kila mmoja kwa lugha yake, jambo moja tu: hamjambo?

Mosoti akasubiri kelele zitulie. Akageuza sikio kidogo, akasikiliza, akataja kitabu. Kisha, pumzi moja baadaye, akasema, "Sura ya tatu, mstari wa kumi na sita."

Mzee Motari, aliyeketi mbele kama kawaida, alitazama saa yake ya mkononi.

"Amina," akasema kwa sauti kubwa. "Leo tutakula mapema."